Nyumba Moja, Leseni Moja

Sheria njema ina sifa mbili. Kwanza hukataza ubaya, na pili humwachia mtu mwema njia ya kupita. Sheria yenye sifa ya kwanza pasipo ya pili ni kama boma lililozungushiwa miiba pande zote bila mlango: aliye ndani akishikwa na kiu hutoka kwa kuvunja, na akiisha kuvunja huitwa mharibifu. Ndivyo ilivyo habari ya leseni za programu za kompyuta katika nyumba za watu wa pato dogo. Kunakili programu ya mtu bila ruhusa yake kumekatazwa, na ni haki kukatazwa. Walakini njia ya halali ya kulipa imepandishwa juu hata watu wengi hawaifikii, na njia nyingine ya halali, isiyolipiwa, haionyeshwi na wale waliopaswa kuionyesha. Basi lawama ya wizi huu haimwangukii mnakili peke yake. Inawaangukia pia muuzaji anayehesabu vyombo badala ya kuhesabu nyumba, na ofisi na shule zinazomlazimisha mtu kutumia kitu zinachojua kwamba hawezi kukinunua.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya Genkuru, katika nchi ya Wakurya, wilayani Tarime, si mbali na mto Mara ambao ng'ambo yake ni wilaya ya Serengeti. Nyumba hii ni ya kufikirika tu, lakini hapana mtu wa huko atakayeona taabu kuitambua. Mwenye nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, nayo huandikia mitihani na taarifa za shule. Binti yake anayesoma chuoni amerudi likizo na kompyuta ya mapajani. Mdogo wake mwalimu, anayetunza hesabu za duka, ana ya tatu. Kompyuta ni tatu, lakini paa ni moja na chungu ni kimoja. Akiulizwa mmoja wao programu zilizomo zilitoka wapi, jibu litakuwa moja kwa wote: kijana wa duka la kompyuta alizitia kwa flashi, akapewa ada kidogo, yakaisha.

Wala si kwamba neno leseni ni geni katika nchi ile. Dereva analijua, mwenye duka analijua, na mchimbaji mdogo wa dhahabu analijua kuliko wote, kwa maana katika nchi ya dhahabu leseni ndiyo inayomtenga mchimbaji na mvamizi. Mtu yule yule ambaye hathubutu kufungua duka la dawa pasipo karatasi ya serikali hukaa mbele ya kompyuta yenye programu tano zisizo na karatasi hata moja, na moyo wake umetulia. Ajabu hii haitokani na uovu wa watu. Inatokana na kutofahamu kitu chenyewe kinachouzwa, na kutofikia bei yake.

Kitu kinachouzwa si sahani wala si ufunguo wa tarakimu uliochapishwa kwenye kasha. Ni ruhusa. Anayenunua kiti hukichukua kikawa chake, akakikalia, akakiazima, akakiuza. Anayelipia programu hapati programu iwe mali yake. Hupata idhini ya kuitumia kwa masharti, na sharti moja kubwa ni idadi ya kompyuta. Sababu ya desturi hii yaeleweka. Kuitunga programu huhitaji watu wengi na miaka mingi, lakini kuinakili ikiisha kutungwa huhitaji dakika chache na hakuna gharama ya kutajwa. Mtungaji asipolindwa na sheria hana namna nyingine ya kurudisha jasho lake. Ndiyo maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, imeiweka programu ya kompyuta chini ya ulinzi ule ule inaowapa mwandishi wa kitabu na mtunzi wa wimbo. Mpaka hapo hapana ugomvi.

Ugomvi unaanza katika kuhesabu. Kitabu kimoja kikinunuliwa na mwalimu wa Genkuru, binti atakisoma, mdogo wake atakisoma, na hapana mwandishi atakayewaita wezi. Redio moja husikilizwa na nyumba nzima. Programu ndiyo inayosema: umenilipia kwa kompyuta hii ya mezani; ile ya mapajani iliyo juu ya meza hiyo hiyo haimo. Mwenye kununua mara moja anatakiwa anunue mara tatu, ijapokuwa nyumba ni moja, mfuko ni mmoja, na aghalabu kazi ni moja.

Wauzaji wenyewe wamekiri mara nyingi kwamba hesabu hii haina insafu. Kampuni ya Microsoft ilipotoa Office ya nyumbani na ya wanafunzi ya 2007, leseni moja iliruhusu kompyuta tatu za nyumba moja. Mwaka 2009 iliuza kwa muda kifurushi cha Windows 7 kwa ajili ya jamaa, kompyuta tatu kwa dola 149.99 za Marekani. Mwaka ule ule kampuni ya Apple iliuza programu yake ya kuendeshea kompyuta kwa dola 29 kwa kompyuta moja, na kwa dola 49 kwa kompyuta tano za nyumba moja. Hesabu hiyo ya Apple inafundisha: kompyuta nne za ziada ziliongeza dola 20 tu, kwa sababu muuzaji alijua kwamba nakala ya pili haimgharimu kitu, na kwamba mtu akipewa njia nafuu ya kuwa mwaminifu, wengi huifuata.

Lakini mwaka 2013 mlango huo ulibanwa. Office ya kununuliwa mara moja ikarudishwa kwenye kompyuta moja tu, na jamaa wenye kompyuta kadhaa wakaelekezwa kwenye kodi ya kila mwaka. Si kwamba kodi hiyo haina faida. Tangu mwaka 2018 watu sita wa nyumba moja huweza kuitumia, kila mtu kwa vyombo vyake, na katika nchi ya mishahara mikubwa hiyo ni bei njema. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 99.99 kwa mwaka. Januari 2025 ikapandishwa huko Marekani kuwa dola 129.99. Kwa thamani ya fedha ya miaka hii, hizo ni zaidi ya shilingi laki tatu za Tanzania.

Na iwekwe bei hiyo katika mizani ya nchi. Mshahara wa chini wa mtumishi wa serikali wa Tanzania ulipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kwa mtumishi wa ngazi hiyo leseni ya nyumba ni zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi mzima, kabla hajanunua unga, kabla hajalipa nauli ya mtoto. Na mtumishi wa serikali ni mtu mwenye bahati katika kijiji. Jirani yake anayelima mahindi na mihogo hana mshahara wowote. Tena malipo haya hayaishi. Mwaka ukigeuka yanadaiwa upya, na anayeshindwa mwaka wa tatu hahesabiwi yale aliyolipa miaka miwili. Tena njia yenyewe ya kulipa aghalabu huhitaji kadi ya benki, ambayo wengi hawana, katika nchi ambayo watu wamezoea kulipa kwa simu tangu mwaka 2008.

Hapo husimama watu wa namna mbili, kila mmoja na jibu lake, na majibu yote mawili ni mabaya.

Wa kwanza ni mtetezi wa kunakili. Husema: tajiri wa ng'ambo hapungukiwi, nakala ya Genkuru haimwondolei hata shilingi, kwa kuwa mtu wa Genkuru asingenunua kamwe, na zaidi ya hayo, mataifa makubwa yamechukua mengi Afrika, basi hiki ni kidogo cha kujirudishia. Maneno haya yana utamu, na kwa sababu hiyo yapasa kujibiwa kwa habari ya nchi ile ile.

Wakurya, kama watu wengi wafugaji wa Afrika Mashariki, walikuwa na desturi ya zamani ya kutwaa ng'ombe wa watu wa nje. Ng'ombe wa jirani alikuwa mwiko. Ng'ombe wa mgeni alihesabiwa nyara, na kijana aliyemleta nyumbani alisifiwa. Desturi hiyo ilidhani kwamba wizi una mipaka: ukiwa mbali si wizi, ukiwa karibu ni wizi. Mipaka hiyo haikudumu. Ng'ombe alipokuwa bidhaa ya soko, na bunduki zilipoenea mkoani Mara baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wezi hawakutafuta tena tofauti ya nyara ya mgeni na mali ya jirani. Waliozoezwa kuchukua nje walichukua ndani. Wananchi wenyewe ndio waliokaa katika baraza lao, iritongo, wakatoa vijana wa sungusungu, wakaamua kwamba wizi ni wizi popote ulipofanyika. Hukumu hiyo ilinunuliwa kwa gharama kubwa, na haifai kusahauliwa kwa sababu tu kitu kinachoibwa hakina pembe.

Anayesema leo kwamba programu ya mgeni ni halali kunakiliwa anarudia hoja ya nyara. Nayo itamrudia. Vijana wa Tanzania wanatunga programu zao wenyewe, za hesabu za duka, za shule, za zahanati. Waimbaji wa nchi hii hulalamika kila siku kwamba nyimbo zao zinauzwa katika flashi na wao hawaoni senti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nyumba iliyozoea kwamba kazi ya mtungaji wa mbali haina bei haitapata sababu ya kumlipa mtungaji wa karibu, na mpiga litungu wa Tarime atadhulumiwa kwa mkono ule ule uliomdhulumu tajiri wa ng'ambo.

Tena programu iliyonakiliwa si ya bure kama inavyodhaniwa. Aliyeivunja kufuli hakufanya hivyo kwa mapenzi ya Mungu. Tangu mwaka 2018 dunia imeona virusi vinavyoitwa STOP, vilivyoenezwa hasa kwa kujificha ndani ya programu zilizovunjwa kufuli na funguo za bandia. Virusi hivi vilifunga maandishi na picha za mwenye kompyuta, kisha kwa miaka kadhaa vilimdai dola 980 ili zifunguliwe, au nusu yake akilipa katika muda wa saa 72. Hiyo nusu peke yake, dola 490, hupita shilingi milioni moja. Mwalimu aliyekwepa bei ya leseni hujikuta anadaiwa kukomboa mitihani yake mwenyewe. Na pale ambapo virusi havikuja na programu, huja baadaye, kwa kuwa wengi wenye nakala za haramu huzima marekebisho ya usalama wakiogopa kugunduliwa. Mwezi wa Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani katika muda wa siku chache, vikiingia katika kompyuta ambazo hazikutiwa marekebisho yaliyokuwa yametolewa miezi miwili kabla. Rahisi huwa ghali.

Madhara makubwa zaidi hayaonekani kwenye kompyuta. Mtoto wa nyumba ile humwona baba yake, mtu mnyofu asiyechukua hata yai la jirani, akipokea kitu kisicho chake na kukitumia kuandikia somo la uraia. Hivyo katika siku yake ya kwanza mbele ya kompyuta, kabla hajajua kuandika jina lake, mtoto hufundishwa kwamba kuna sheria za kufuata na sheria za kucheka. Hapana shule inayoweza kulifuta somo hilo kwa urahisi.

Mtu wa pili ni mtetezi wa bei. Husema: asiye na fedha na aache, kompyuta si chakula. Neno hili lingekuwa na nguvu zamani. Sasa mwombaji wa kazi ya serikali hupeleka maombi yake kwa intaneti, mwanafunzi huomba mkopo wa chuo kwa intaneti, na mwalimu hutakiwa kupeleka taarifa zake zikiwa zimepigwa chapa, tena katika faili la programu fulani. Serikali ikiisha kuifanya kompyuta kuwa mlango wa haki za raia, haiwezi tena kumwambia raia kwamba mlango huo ni anasa.

Na njia ya kuacha imekwisha jaribiwa. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matumizi yake kuleta hasara na matatizo katika hesabu za serikali, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Sababu za wakati ule zilikuwa na uzito wake, maana nchi haikutaka kutupa fedha za kigeni katika mashine isizozimudu. Lakini marufuku yalipolegezwa baadaye, nchi ilikuta wengine wametangulia, na programu zilizoingia ziliingia zikiwa zimekwisha tungwa na wengine, kwa lugha ya wengine na kwa bei ya wengine. Anayemshauri mtu wa Genkuru aache anamshauri arudie peke yake, katika nyumba yake, kosa ambalo nchi nzima ilichukua miaka kulirekebisha.

Basi kama kuiba ni kubaya na kuacha ni kubaya, na kulipa hakuwezekani, mtu mnyofu afanye nini? Jibu lipo, tena lina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaoulizana swali hili.

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya kutunga programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuwapa wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alitoa moyo wa programu ya kuendeshea kompyuta, ukaitwa Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alianzisha Ubuntu, namna ya Linux iliyokusudiwa watu wa kawaida, akaipa jina la neno la Kibantu lenye maana ya utu. Na kwa miaka kadhaa sahani zake zilipelekwa kwa posta duniani kote bila malipo. Tangu mwaka 2010 iko LibreOffice, yenye kuandika barua, kupanga hesabu na kutengeneza maonyesho ya darasani. Programu hizi huitwa programu huria. Wengi hudhani kwamba hazina leseni. Zina leseni, tena za sheria kamili. Ila leseni hizo zinaruhusu kile ambacho nyingine zinakikataza. Nyumba yenye kompyuta tatu hutia katika zote tatu. Kijiji chenye kompyuta mia hutia katika zote mia. Kijana wa duka aliye na flashi, ambaye jana alikuwa mwizi, leo kwa kazi ile ile, kwa flashi ile ile na kwa ada ile ile, ni mtumishi halali wa jirani zake.

Kwa watu wa kompyuta kuukuu faida ni mara mbili. Windows 10 ilifikia mwisho wa marekebisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi katika kompyuta za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kompyuta ya mezani ya mwalimu, ambayo muuzaji anaiona imekufa, Linux huiamsha.

Tena haya yamekwisha semwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika kazi iliyoitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Katika zama ambazo watu wengi walidhani kompyuta haijui ila Kiingereza, wasomi wa hapa nyumbani walikaa wakaitafutia kila amri neno lake. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Wangapi katika shule za Mara wanajua hata kwamba kazi hiyo ilifanyika? Kosa si la wanafunzi wala la wakulima. Kosa ni la vyuo, shule na ofisi, ambazo zilipokea zawadi ile na kuiweka kabatini, kisha zikaendelea kufundisha programu za kulipiwa, kana kwamba jina la kampuni moja ndilo jina la somo lenyewe.

Wapinzani wa programu huria wana hoja zao, na si zote za kudharauliwa. Husema kwamba maandishi yaliyopangwa katika programu moja hupinda yakifunguliwa katika nyingine. Ni kweli, majedwali husogea na herufi hubadilika. Lakini dawa yake ilipatikana mwaka 2006, namna ya faili isiyomilikiwa na kampuni yoyote ilipokubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa. Ofisi ikipeleka na kupokea maandishi katika namna hiyo, upindaji huo hupungua sana. Na karatasi ya kusomwa tu, isiyotaka kurekebishwa, ipelekwe kama chapa isiyobadilika. Husema pia kwamba ziko kazi, kama za uchoraji wa majengo au hesabu za makampuni, ambazo programu huria hazijafikia zile za kulipiwa. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi ya kazi. Basi mwenye kazi hiyo na anunue leseni kwa kompyuta moja ifanyayo kazi hiyo, na zile mbili nyingine azitie za bure. Hakuna aliyesema kwamba kulipa ni dhambi. Husema mwisho kwamba hakuna fundi wa kuzitengeneza. Hoja hiyo inajiuma mkia: fundi hayupo kwa sababu hakufundishwa, na hakufundishwa kwa sababu wanaosema hayupo ndio wenye shule.

Kwa hiyo yako mambo ya kudaiwa, na kila dai lina mwenyewe.

Muuzaji wa programu anadaiwa aitambue nyumba. Leseni ya nyumba na iuzwe mara moja, kwa kompyuta zote zilizo chini ya paa moja, kwa bei inayopimwa kwa pato la nchi inakouzwa, na kwa malipo ya simu. Asiseme kwamba atapata hasara. Uchunguzi wa chama cha wauzaji wenyewe uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba katika nchi jirani ya Kenya programu 74 katika kila 100 zilizotiwa kwenye kompyuta hazikuwa na leseni. Mtu anayekusanya kwa watu 26 na kuwapoteza 74 si mlinzi mwema wa mali yake. Bei ndogo kwa wengi ni bora kuliko bei kubwa kwa wachache, na mgema yeyote analijua hilo.

Mwenye duka la kompyuta anadaiwa ukweli. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows aghalabu huja na leseni yake, na leseni hiyo huambatana nayo hata ikiuzwa mara ya pili. Mara nyingine fundi huifuta programu ya halali akatia ya haramu juu yake, mnunuzi asijue kwamba amenyang'anywa alichokwisha kulipia. Mnunuzi na aambiwe kilichomo, na aulizwe anataka nini kabla flashi haijachomekwa.

Serikali, halmashauri na shule zinadaiwa zaidi, kwa sababu zina nguvu zaidi. Ofisi ya umma isimdai raia faili la programu ya kulipiwa. Somo la kompyuta lifundishe kazi, lisifundishe chapa ya biashara: mtoto ajue jedwali ni nini, na atalipanga katika programu yoyote. Na shule yenye intaneti, japo hafifu, ipakue programu huria mara moja na kuwaachia wanakijiji wazichukue, ili gharama ya kupakua isirudiwe katika kila nyumba.

Chuo kikuu nacho hakina pa kujificha. Kilitoa neno la Kiswahili kwa kompyuta mwaka 2004, na neno lisilotumiwa hufa. Kazi ile na ifufuliwe, na kila mwanafunzi anayekwenda kufundisha mikoani abebe programu huria pamoja na vitabu vyake.

Ikiwa haya yatafanywa, ile nyumba ya Genkuru haitahitaji msaada wa mtu. Mwalimu ataandika mitihani yake, binti yake ataandika tasnifu yake, na mdogo wake atapanga hesabu za duka, kila mmoja katika kompyuta yake, pasipo deni na pasipo hofu. Na mtoto mdogo anayetazama begani mwa baba akiuliza, "Baba, programu hii ni ya nani?" baba hatageuza uso. Ataweza kumjibu, "Ni yetu, tumeruhusiwa, na ukitaka, mpelekee jirani."